Kisu cha mama, na mpingo ulionidanganya

Nianze kwa kujitetea: kisu hakikuvunjika. Kilichovunjika ni mpini, na aliyeuvunja ni mimi, siku ya 26 Desemba, nyumbani kwa mama Temeke, nilikuwa nataka kufungua kopo la rangi afu nikaona uvivu kwenda kutafuta bisibisi. Nikachomeka ncha ya kisu kwenye mfuniko, nikabinya kidogo tu, wallahi kidogo tu, nikasikia ka! Nusu ya mpini imebaki mkononi, nusu nyingine inaning'inia kwenye vipande vya mpira. Mama alikuwa jikoni anakaanga, hata hakugeuka. Akasema, "Umeshakivunja." Nikamwambia hapana mama, ni mpini tu, kesho nakuletea kingine kizuri Kariakoo. Akanijibu kama ni cha Kariakoo nauli anayo, atakwenda mwenyewe, yeye anataka hikihiki.

Kwa asiyemjua mama yangu, huyu mama anakaanga samaki jioni kibarazani kwake toka mi niko darasa la pili, na kisu ni hicho kimoja. Samaki wanatoka Feri alfajiri, anawapara magamba, anawapasua tumbo, anawachanja mbavuni, anakata ndimu, yote kwa kisu hicho. Kilifuliwa na mhunzi kutoka kwenye kipande cha msumeno wa kupasulia magogo, chuma chenyewe cheusicheusi, hakina ule ung'avu wa visu vya supamaketi, ukikatia ndimu usipokifuta kinabadilika rangi hapohapo na ukikiacha kimelowa usiku asubuhi unakuta kutu. Ila makali yake sasa. Unakipitisha mara tano kwenye kitako cha bakuli la kauri, pale chini pasipo na rangi, kinanyoa vinyweleo vya mkono. Kwaiyo bati lenyewe, yaani ule upande unaokata, lilikuwa halina shida, shida ilikuwa ni kushikia nini.

Nikakichukua kwenda nacho kwangu Tabata, kimefungwa gazeti. (Jaribu siku moja kupanda daladala na kisu kwenye gazeti, ncha imetoboa. Siti ya pembeni ilibaki wazi mpaka Buguruni na gari imejaa.)

Mama alikuwa ameuzungushia mpini mpira wa tyubu ya baiskeli, kama wanavyofanya watu wengi, ili usiteleze. Mi nilidhani mpira ule ndo uliokuwa unaulinda mpini. Nilipoufungua nikakuta kinyume: maji yameingia chini ya mpira na hayana pa kutokea, mbao nyeusi, ukiibonyeza kwa kucha inazama, harufu yake ni ile ya ndoo ya samaki iliyosahaulika juani. Na ndani kulikuwa na jambo jingine. Kisu hiki hakina ribiti, ni kile cha msuka, yaani bati linaishia na ulimi mwembamba wa chuma unaozama katikati ya mpini. Msuka ulikuwa umevimba kwa kutu, tabaka juu ya tabaka kama ganda la kitunguu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, kwaiyo msuka ulikuwa unaisukuma mbao kwa ndani miaka na miaka mpaka ikachoka, mimi na kopo langu la rangi tulikuja kumalizia tu. Nilimweleza mama hoja hii kwa urefu. Haikupita.

Nikakwangua kutu kwa tupa mpaka chuma cheupe kikatokea. Ulibaki msuka wa kama sentimita saba, mwembamba, ila mzima.

Basi ndo nikaanza kuuliza watu.

Wa kwanza ni kijana wa mtaani kwetu anayerekebisha mapanga na masufuria. Yeye hakuwa na mjadala: "Lete ndoo iliyopasuka bro, nakuyeyushia plastiki hapo, dakika kumi unaondoka nacho." Na mi siidharau plastiki, nisieleweke vibaya. Plastiki haiozi, hainywi maji, ukienda buchani utakuta visu vya kazi karibu vyote vina mipini ya plastiki na wale jamaa wanashika damu na mafuta kutwa nzima, sio wajinga. Ila ile ya kiwandani imemiminwa kwenye umbo lake kwa presha, na hii ya ndoo inakandikwa kwa kijiti ikiwa uji. Ikipoa inasinyaa inaubana msuka vizuri, siku za mwanzo unaona hapa nimepata, baadaye inaanza kucheza. Kuna mwingine alikuwa anachoma mabomba ya maji yale ya PVC, huyo nilimkimbia kabisa, moshi wa PVC una asidi ndani yake, unakereketa kifua na hata chuma chenyewe unakitia kutu. Usimpe mtu huyo kisu chako wala usikae upande unakoelekea moshi wake.

Mjomba akaleta wazo la pembe. Pembe ya ng'ombe inapatikana, Vingunguti pale machinjioni ziko za kutosha, na kweli ukiichemsha inalainika unaibana unavyotaka, ikipoa inabaki hivohivo na iking'arishwa inapendeza mno. Lakini pembe ni jamii moja na kucha zako. Inavuta unyevu, inajikunja, na wadudu wanaila ikiwa imelala kabatini. Kwa kisu kinacholowa kila siku nikaona hapana. Mjomba akatania basi weka ya ndovu, nikamwambia mjomba, mi Keko naijua ya makochi, ile nyingine ya mahabusu sitaki kuijua.

Sasa nifike kwenye mpingo, maana hapa ndo nilipoumbuka.

Kichwani kwangu toka siku ya kwanza jibu lilikuwa mpingo. Mtanzania gani akiambiwa chagua mti hasemi mpingo? Nikaenda Mwenge kwa wachonga vinyago, nikamkuta mzee mmoja amekaa chini ameshika tezo, miguuni kwake vipandevipande vyeusi vimetapakaa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana wangu, karibu. Kinyago au zawadi?"

Nikamwambia nataka kipande tu cha mpini wa kisu. Akaokota kimoja, akakigonga na kingine, kikalia kama chuma. Akaniuliza kisu cha kazi gani. Nikasema cha samaki. Akanitazama, akacheka kidogo, akasema, "Mpingo na samaki," akanyamaza. Nikampa elfu tatu nikaondoka. Ule mcheko ningeuuliza ulikuwa na maana gani ningeokoa wiki mbili za maisha yangu.

Niseme ukweli, mpingo ni mti wa ajabu. Ndo huohuo wanaotengenezea klarineti na obo huko Ulaya, kwa sababu ni mgumu, umeshonana, hauachi vitundu wazi na unachongeka kwa usahihi kama chuma. Ni mzito kuliko maji. Nilifanya jaribio bafuni, nikaweka kwenye ndoo kipande cha mpingo na kipande cha mninga cha ukubwa uleule: mninga ukaelea, mpingo ukaenda chini moja kwa moja ukagonga kitako, dum. Na unakua taratibu mno, tunaongelea miaka 70 na kuendelea mpaka ufae kuvunwa, na toka 2017 jamii yake yote ya miti iko kwenye orodha ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, biashara yake ya kuvuka mipaka inataka vibali. Kwaiyo kwa kazi ndogo kama mpini usinunue gogo, chukua mabaki ya wachongaji, yanatosha na wao wanayatupa.

Kuutoboa ilikuwa vita. Drili ikawa inatoa moshi kuliko unga, ncha mbili zikaniungulia kabla sijafika sentimita nne. Vumbi lake jeusi likaniingia puani na machoni, nikakaa siku mbili nawashwa, baadaye fundi mmoja akaniambia mbona hilo linajulikana, vumbi la mpingo linawasha watu wengi, vaa barakoa. Gundi nayo ina mbinu yake: mpingo una mafuta yake ya asili, ukipaka Araldite, ile gundi ya kuchanganya tyubu mbili, moja kwa moja inaweza kubanduka, lazima ufute kwanza na thina ukauke ndo upake palepale. Nilivyomaliza nikapiga msasa mpaka namba 1000, ule laini sana, nikapaka nta, aisee. Ulikuwa unang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Nikauweka status, vimoto vikamiminika, mpaka bosi wangu akaandika "hongera fundi".

Nikampelekea mama siku ya Jumamosi. Akaugeuzageuza, akasema mzuri. Akachukua kibua wa kwanza, akampara, akampasua. Wa pili. Wa tatu katikati akasimama, akakiosha kisu, akakiweka juu ya meza.

"Mzuri. Lakini unanivuta huku," akaonesha chini ya kiganja, pale panapokutana na kifundo. "Na unateleza."

Nikabisha kidogo, si kijana lazima ubishe. Akanipa mkononi kisu kikiwa bado na ute wa samaki. Ndugu zangu, mpingo uliong'arishwa ukikutana na ute wa kibua ni sabuni iliyolowa. Niliporudi nyumbani nikautoa mpini nikaupima kwenye mizani ya jikoni, gramu 72, wakati bati lenyewe na msuka wake ni gramu 85. Yaani uzito wote ulikuwa umerudi nyuma, ncha ikawa nyepesi, na mtu anayepara samaki anataka ncha iende yenyewe, mkono uongoze tu, asifanye kazi ya kuinyanyua mara mia mbili kila jioni. Mama hakuwa ameniambia chochote cha kitaalamu, alisema tu unanivuta huku, lakini mizani ilisema maneno yaleyale.

(Kwa atakayetaka kujua niliutoaje mpini uliogundishwa: nilichemsha maji, nikauzamisha mpini peke yake dakika ishirini hivi, Araldite ikipata moto inalegea, ukashika bati kwa kitambaa na kuvuta. Joto la maji yanayochemka halikidhuru kisu. Moto wa mkaa ndo unadhuru, ntarudi hapo.)

Hapo ndo nikagundua toka mwanzo nilikuwa najiuliza mti gani mzuri, wakati kwa mama swali ni mti gani kwa mkono uliolowa. Nikaanza upya.

Nikaenda Keko, ile ya makochi, nikaokota vipande vya mninga kwa bei ya soda. Mninga una sifa moja ambayo mafundi wanaipenda kuliko rangi yake, hautembei. Mbao nyingi zikinywa unyevu zinavimba, zikikauka zinasinyaa, na hapa kwetu mwezi wa nne kila kitu kinavimba mpaka mlango wa choo haufungi, mninga unatulia. Mwepesi, unachongeka kwa kisu cha kawaida, mchwa hawaupendi. Mpini wake ulitoka gramu 36, nusu kabisa ya ule wa mpingo. Ungekuwa mpini wa kisu cha mkate au cha nyanya ningeishia hapo, na wewe unayesoma kama una kisu cha jikoni cha kawaida ishia hapo, usitafute makuu. Ila mninga una vitundu vikubwa, unaviona kwa macho kama michirizi ya sindano, na kwenye michirizi ile ute na damu vinaingia vinakaa. Ungeweza kuziba kwa vanishi, lakini vanishi inakupa utelezi tena, tena siku ikipasuka maji yanaingia chini yake yanakaa, tumerudi kwenye tyubu ya baiskeli.

Mtiki niliuwaza, nikauacha, sababu yake ni uvivu: una chembechembe kama mchanga ndani, unaua tupa na patasi.

Mti wenyewe nilioutumia nilikuwa naupita kila nikienda kwa mama. Nyuma ya jiko lake kuna kinu cha zamani amekigeuza kiti cha kuku, na pembeni yake mchi, umepasuka ncha moja, umelala pale toka blenda ilipoingia nyumba ile. Siku hiyo nimeenda kukojoa nikaukanyaga ukabingirika, nikauokota. Mkavu, mzito wa wastani, umelainishwa na viganja vya watu mpaka katikati pana kiuno. Nikamuuliza mama mti gani huu. "Mkwaju. Alitutwangia nao bibi yako."

Mkwaju! Mti wa kutengenezea michi na nyundo za mbao, vitu vinavyopigwa kutwa, tena nyuzi zake zimesokotana kiasi kwamba ufa ukianza haujui uelekee wapi. Kikubwa zaidi mchi ule ulikuwa umekauka miaka zaidi ya ishirini. Hili la kukauka watu wanalidharau. Mbao mbichi inasinyaa kwa upana, kwa urefu karibu hamna kitu, kwaiyo ukitoboa tundu kwenye mbao mbichi ukapachika msuka, mbao inajaribu kusinyaa inakuta chuma kimekaa katikati hakisogei, inapasuka. Ukikata tawi la mti wako leo inabidi ulihifadhi kivulini miezi mingi na ncha zake uzipake nta au rangi ili maji yasikimbilie kutokea huko. Mi nilikuwa na mti ambao bibi alishanikaushia.

Kwa umbo nilimpa mama donge la unga wa chapati. Nikamwambia ulishike kama unavyoshika kisu, kaza, halafu achia. Alinicheka ila akafanya. Likatoka donge lenye vidole vyake vinne upande mmoja na upande wa juu shimo la kidole gumba, tena sio katikati, kimepinda kwenda kushoto, maana anakilaza gumba ubavuni mwa bati na sio juu ya mgongo kama mimi. Nikarudi kuangalia kile kipande cha mpini uliooza, shimo lilelile lipo, limeliwa na gumba lake. Mpini wa mpingo ulikuwa wa mviringo safi, sawa pande zote. Nilikuwa nimemchongea mtu ambaye hayupo.

Kuchonga sitawachosha. Tundu nilianza kwa drili ndogo nikamalizia kwa kuchoma, njia ya wazee: unapasha msumari mnene mpaka uwe mwekundu unauchomeka, unachoma umbo bapa la msuka. Nasema msumari, sio msuka wenyewe. Wahunzi wanapasha msuka moja kwa moja na wanajua wanachofanya, wamefunga bati kwa tambara lililolowa, ila mimi na wewe joto likitupanda mpaka kwenye bati chuma kinalegea, makali ya miaka yote yanaondoka ndani ya dakika moja na hayarudi.

Mdomoni mwa mpini, pale bati linapoingilia, panahitaji pete ya kuzuia mbao isipasuke. Wazee wanaiita noleo. Nilimuomba fundi AC kipande cha bomba la shaba la robo tatu, nikakata upana wa kidole, nikachonga mdomo wa mpini mpaka pete ikaingia kwa kugongwa. Kisha Araldite, sehemu sawa kwa sawa, nikaijaza tundu lote mpaka ikafurika kwa juu, kazi yake sio kushika tu, ni kuziba. Tone la maji lisiuone tena ule msuka. Nikakiacha siku nzima bila kukigusa, na kwangu hiyo ndo ilikuwa sehemu ngumu kuliko zote.

Msasa safari hii niliishia namba 180. Nikaulowesha mpini kwa maji, vinyweleo vikasimama, ukakauka nikavisugua, nikarudia mara tatu mpaka visisimame tena. Kwa mguso ni kama ngozi ya kisigino kilichosuguliwa, sio laini sio kavu. Mafuta nikapaka linsidi, yale ya mbegu za kitani, matabaka membamba, kila moja siku mbili. Mama alishauri mafuta ya nazi maana yapo, lakini ya nazi hayagandi, yanabaki mafuta, ya linsidi yakikutana na hewa yanakuwa kama ngozi ndani ya mbao. Ila matambara uliyopakia linsidi usiyakunje ukatupa kwenye kapu, yanajipasha moto yenyewe na yanaweza kuwaka. Yatandaze nje yakauke.

Gramu 51.

Masika imeshapita moja toka nimpe. Nilikiangalia wiki iliyopita kwa tochi ya simu, kati ya noleo na bati hamna mwanya, gundi imekaa, mbao imekuwa nyeusinyeusi pale kwenye gumba. Kuhusu mpini hana malalamiko, malalamiko yake ni pete. Anasema inang'aa mno, na vijana wa chuma chakavu wanapita mtaani na magunia asubuhi na jioni, shaba wanaiona toka barabarani. Nilimwambia shaba inafifia yenyewe, subiri itakuwa ya kahawia. Kweli ikaanza kufifia, lakini kila jioni anakata ndimu, maji ya ndimu yanateremka kwenye pete pamoja na chumvi, na asubuhi inaamka inang'aa upya. Sasa hivi akimaliza kazi anakifuta, anakifunga kwenye kitambaa, anakizika kwenye ndoo ya unga.